Mwezi Nilioandika "Imeharibika"

Mtu aliyenifundisha kutenganisha damu alinikataza kuigusa damu kwa wiki mbili. Alinipa chupa ya maji, pipeti ya kuyanyonya na kuyadondosha, na trei ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja hakitoshi hata ncha ya kidole, akasema, "Jaza. Mwaga. Jaza tena."

Huyo alikuwa Mzee Shomari, mwenyeji wa Mtoni, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua ambayo aliivua kila alipoingia maabara na kuitundika kwenye msumari nje ya mlango. Mie nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu kwenye faili jipya, nimekuja mjini kutoka Same, najiona nimeshafika. Siku ya tatu nikamwuliza, "Mzee, hii kazi ya maji itaisha lini?"

Akainyanyua trei yangu, akaitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. "Siku vishimo vyote vitakapokuwa na kina kimoja. Sasa hivi kuna milima na mabonde. Umetuletea Same humu ndani."

Nawaandikia nyie mnaoanza kazi hii sasa. Mmekuwa mkinipigia simu tangu nilipostaafu, na nashukuru, maana huku Madale simu ndiyo inayonikumbusha kwamba nina sauti. Mnaniuliza joto la kabati la kuoteshea seli, mnaniuliza seli zinakufa kwa nini siku ya tano. Yote hayo nawajibu. Kuna jambo moja hamjaniuliza, kwa sababu hamlijui, nami nimelibeba muda mrefu. Nitalifikia.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, kwa ajili ya wale wadogo zenu watakaosoma hapa bila kuwahi kuvaa koti jeupe.

Mtu mwenye virusi vya Ukimwi akimeza dawa zake vizuri, ukipima damu yake virusi havionekani. Haina maana vimeisha. Vingine vimelala ndani ya seli nyeupe, na hizo seli zenyewe zimelala. Sasa, seli za kinga hazina macho wala masikio. Zinaitana kwa kemikali. Moja ikikutana na adui inamwaga molekuli, na zile za jirani zikizipokea zinaamka kwenda vitani. Molekuli hizo za kupashana habari ndizo zinaitwa saitokaini. Ubaya ni kwamba seli yenye virusi ikiamka, navyo vinaamka humo humo, vinatumia nguvu ileile ya seli kuzaliana. Ipo moja inaitwa TNF, hiyo ndiyo mwamshaji mkubwa. Ipo intaferoni, yenyewe huzifanya seli zivizuie virusi visizaliane. Na zipo nyingine ambazo leo zinaamsha na kesho zinatuliza, kutegemea ni seli gani na kuna nini kingine pale karibu.

Sie tulikuwa tunapokea damu ya watu waliokubali kushiriki utafiti, tunatoa seli nyeupe, tunazigawa kwenye vishimo, tunaongeza molekuli hii hapa na ile pale, tunasubiri wiki, kisha tunapima protini ya ganda la virusi. Kishimo kikigeuka njano iliyokolea, virusi vimezaliana. Kikibaki kama maji, vimelala. Maisha yangu yote ya kazi ni kutazama njano.

Damu unaimwaga taratibu juu ya majimaji mazito, unaizungusha kwenye mashine, na ikisimama unakuta seli nyeupe zimekaa katikati kama utando wa maziwa. Utando ule ndio riziki yako. Na mashine isifunge breki. Iache izunguke mpaka ichoke yenyewe. Mie mara ya kwanza nilisahau kuzima breki, mashine ikasimama kwa kishindo, nikatoa mirija, kila kitu kimechanganyika. Mzee Shomari akachungulia. "Umepika uji," akasema, akaenda zake kunywa chai. Hakunisemea kwa mtu. Nilipotaka kumshukuru akasema uji huo yeye alishaupika mara mbili.

Kosa langu kubwa halikuwa lile. Lilikuja miaka mingi baadaye, Mzee Shomari ameshastaafu na mie ndiye mkongwe. Kwenye kila trei kuna mstari tunaouacha bila kuongeza kitu, wa kulinganishia. Siku hiyo niliweka TNF kwenye mstari huo. Virusi vikazaliana pasipotakiwa kuzaliana, na mkuu wetu, Daktari Malima, akasimama mbele ya wageni na michoro yake akieleza maajabu ambayo yalikuwa makosa ya mkono wangu. Nilipogundua nikamwendea. Daktari Malima ni mama mpole, hakupandisha sauti. Akasema, "Sawa. Nitawaandikia wote kwamba tulikosea." Hilo "tulikosea" lilinichoma kuliko angeniita mpumbavu. Tangu siku hiyo, kila nilipoona jambo la ajabu kwenye trei, mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mie.

Msidhani hilo ni dogo. Chumba cha virusi hai tulikuwa tunaingia mmoja mmoja. Mlango mzito, glovu mbili mbili, barakoa, simu unaiacha nje, feni inavuta hewa inaunguruma saa zote. Unakaa humo masaa manne na mtu pekee wa kuzungumza naye ni wewe mwenyewe. Kama umeshaanza kujishuku, humo ndani huko kujishuku kunapata nafasi ya kutosha.

Na nyumbani hakukuwa na wa kumwambia. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yetu ameolewa Mwanza. Shemeji yangu mmoja, mtu mzuri kabisa, alipojua nashika virusi aliacha kunywa maji kwangu. Alikuwa anakuja na chupa yake, anaiweka miguuni, anasema daktari amemshauri maji ya dukani. Kanisani walikuwa wananiita "mama wa damu" wakidhani sisikii. Basi nikiulizwa kazi yako nini, nikawa najibu, "Napima." Hawaulizi zaidi. Ukikaa miaka na jibu la neno moja, watu wanazoea kwamba huna la kusema.

Watu niliowafahamu sana walikuwa wale wenye damu, na hao sikuwajua majina. Sanduku la barafu lilikuja Jumanne, mirija ina namba tu. Nesi wetu, Mwanahamisi, ndiye aliyewajua kwa sura, na alikuwa anaushika mdomo wake kama inavyotakiwa. Lakini ukishughulika na damu ya mtu kila mwezi unamfahamu kwa namna yako. Namba fulani utando wake mwembamba siku zote. Namba nyingine plazma yake, yaani yale majimaji ya damu, ina mafuta kila baada ya sikukuu. Nilikuwa na namba moja, tuseme arobaini na moja, maana namba yenyewe nimeibadilisha. Damu yake ilikuwa nzuri kuishika. Utando mnene, umenyooka. Virusi vyake vililala fofofo mpaka uviamshe, na ukiviamsha vinafuata kanuni. Jumanne nikiona namba ile nilikuwa nasema moyoni, haya, umekuja. Chekeni tu.

Mwezi mmoja, vishimo vya arobaini na moja viligeuka njano kila mahali. Na mstari wa kulinganishia, ule ambao sikuweka kitu, nao njano.

Nilisimama na ile trei mkononi, masikio yanawaka. Nikasema, umerudia tena. Sikukumbuka kuweka TNF pale. Lakini hata mara ile ya kwanza sikukumbuka. Nikafungua daftari, nikaandika mbele ya namba yake neno moja, "imeharibika," nikaweka sahihi, nikaitumbukiza trei kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kwa Daktari Malima nilisema sampuli moja ilipata uchafu. Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Mwezi uliofuata nilifanya kazi ya arobaini na moja kama mtu anayevuka daraja la kamba. Mstari wa kulinganishia nilijaza kwanza, kabla hata sijatoa TNF kwenye friza. Nikaandika kila hatua. Baada ya wiki, njano.

Nilitoka chumbani, nikavua glovu, nikampigia simu Mzee Shomari kule Mtoni. Sauti yake ilikuwa imepungua, nyuma yake kuku wanalia. Nikamweleza mambo yote mawili, la mwezi huu na la mwezi uliopita.

"Na huyu mwenye damu," akauliza, "anaumwa?"

"Sijui, Mzee. Kwangu ni namba."

"Haya. Sikiliza, Yunis. Damu haina sababu ya kukudanganya. Wewe unayo sababu ya kujidanganya. Anza na damu."

Nikaanza na damu. Nilifikiri hivi: kama virusi vinaamka vyenyewe, basi kinachoviamsha kimeshaingia ndani ya seli zile kabla hazijanifikia. Kimetoka mwilini mwake. Na kama kimo mwilini, kimo kwenye plazma. Nikachukua seli za mshiriki mwingine, ambazo virusi vyake vimelala, nikaziwekea plazma ya arobaini na moja. Upande wa pili nikaweka plazma hiyohiyo pamoja na kingamwili inayoikamata TNF isifanye kazi. Na kwa kuwa plazma ya kila mwezi huwa tunaigandisha, nikatoa pia ile ya mwezi uliopita, mwezi wa "imeharibika." Hakuna aliyenituma kuitoa. Ningeweza kuiacha kwenye friza na hakuna ambaye angejua chochote.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilikuwa nafika nyumbani, nafagia uwanja uliofagiliwa.

Majibu yalikuwa wazi. Plazma ya arobaini na moja iliamsha virusi vya mtu mwingine. Palipokuwa na kingamwili, rangi ilishuka karibu na maji. Mwili wa yule mtu ulikuwa umejaa king'ora, unapiga mbiu siku nzima, na mbiu yenyewe inawaamsha maadui waliolala. Na vishimo vya plazma ya mwezi uliopita vilikuwa njano vilevile. Sikuwa nimekosea mwezi ule. Nilikuwa nimeona sawasawa, nikaandika uongo.

Nikaenda kwa Daktari Malima na madaftari yote mawili. Alisoma, akaondoa miwani.

"Ana ugonjwa mahali," akasema. "Mwili haupigi kelele hivi bure. Mwanahamisi, hebu njoo."

Mwanahamisi akaja, akasikiliza, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mwezi uliopita alisema mgongo unamuuma. Ni fundi cherehani, daktari. Tukasema ni cherehani."

"Hakohoi?"

"Hakohoi hata kidogo. Uzito wake tu umeanza kushuka, naye anasema ni mawazo."

Alitafutwa siku ileile. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kilikuwa kinakula mifupa polepole, bila kikohozi, na kinga yake ilikuwa imekiona muda wote na kupiga kelele. Alianzishiwa dawa. Akapona. Virusi vyake vikarudi kulala, nikaviona mwenyewe, mwezi baada ya mwezi njano inafifia. Daktari Malima alinishika bega mbele ya wenzangu, akasema nimeokoa mtu.

Nikamwambia, tukiwa wawili, "Na ule mwezi wa kwanza?"

"Yunis, umepita huo. Binadamu tunajifunza."

Lakini Mwanahamisi aliponipitishia sanduku la barafu Jumanne moja alisema, bila kujua ananiambia nini, "Anaendelea vizuri. Miguu tu ndiyo haijarudi sawa. Wanasema wangewahi kidogo, angetembea vizuri." Na tangu hapo, siku za kliniki, nikiwa chumba cha nje nikiandika lebo, nilikuwa nasikia mkongojo kwenye korido. Unagonga sakafu, kimya, unagonga. Nilikuwa najua ni yeye. Sikufungua mlango hata mara moja. Kanuni inakataza kuonana na washiriki, na mie kanuni ile niliishukuru.

Utafiti ulipokwisha, Daktari Malima aliandaa siku ya kuwarudishia washiriki majibu, kwenye ukumbi wa jirani kule Kinondoni. Siku kama hizo sikuwahi kwenda. Hiyo nilienda kwa sababu nilibakiza mwezi mmoja kustaafu na waliniwekea kiti. Nikakaa nyuma kabisa. Daktari alieleza vizuri mno, watu wakaelewa habari ya molekuli na seli zilizolala kuliko baadhi ya nyie mlivyoelewa chuoni. Halafu akasema kuna mshiriki mmoja ambaye damu yake ilitupa onyo kabla ya picha za hospitali, na mtaalamu wetu wa maabara akaliona.

Mama mmoja mstari wa kati akanyanyua mkongojo badala ya mkono. "Huyo ni mie," akasema. "Sioni haya. Na mie nataka kumwona huyo mtaalamu."

Watu wakageuka. Mwanahamisi akanitazama, kisha akatazama chini, hakuthubutu kunionyesha. Nikasimama mwenyewe.

Wakati wa chai nilichukua vikombe viwili, nikamfuata alipokaa pembeni ya dirisha. Alikuwa mtu wa rika langu, mwembamba, dera lake limeshonwa kwa ustadi hasa shingoni. Jina lake silitaji. Kwao tuseme Bunju.

"Karibu, dada," akasema. "Mie siku zote nilidhani huko ndani kuna mashine tu."

"Tulikuwa tunakaa watu."

Akacheka. Akaniambia alikuwa na cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu, ya pili ya binti aliyekuwa anamfundisha. Siku hizi anakata vitambaa tu, binti ndiye anashona, kwa sababu miguu haikanyagi sawasawa. Alisema hivyo bila kulalamika. "Lakini niko hai. Kwa sababu yako."

Ningeweza kuitikia hapo. Nyie mngefanyaje? Nilikuwa nimemwona kwa mara ya kwanza na nilishampenda kwa miaka, na alikuwa ananipa mkono.

"Dada," nikasema, "nililiona mwezi mmoja kabla."

Hakuelewa. Nikamweleza. Nikamwambia vishimo vilikuwa njano, na nilidhani nimekosea kwa sababu niliwahi kukosea, na niliona aibu, na sikuuliza mtu. Nikamwambia niliandika imeharibika.

"Uliandika hivyo?"

"Ndiyo."

"Imeharibika."

"Ndiyo, dada."

Akatazama nje. Kuna watoto walikuwa wanapita na sare za shule. Mie vikombe viko mkononi bado, sijampa chake.

"Mwezi huo," akasema, "nilikuwa natembea. Nilikuwa natembea kutoka nyumbani mpaka barabarani, nabeba mzigo wangu wa vitambaa."

"Nisamehe."

"Sijui." Aliusogeza mkongojo karibu. "Nashukuru umesema. Wengine wasingesema. Lakini leo siwezi kukaa na wewe."

Akainuka, akakataa mkono wangu kwa upole, kama mtu anayekataa chakula akiwa ameshiba. Akaenda taratibu mpaka upande wa pili wa ukumbi, akakaa na Mwanahamisi. Hakunitazama tena, wala hakunisema. Najua, maana Mwanahamisi aliendelea kunitabasamia.

Msiniulize kama nilifanya vizuri kumwambia. Kuna siku nadhani nilimpa mzigo wangu anisaidie kubeba, mtu ambaye miguu yake haiwezi. Kuna siku nadhani ilikuwa haki yake, kama damu ilivyokuwa yake. Ninachojua kwa hakika ni cha daftarini: ukiona njano usiyoitarajia, andika njano. Andika na siku yake. Usiandike sababu ambayo huijui. Kisha toka humo chumbani, uvue glovu, umwambie mtu siku ileile, hata kama mtu huyo atacheka.

Nilibaki pale dirishani na vikombe viwili. Nikanywa changu. Chake kilikuwa hakijaguswa, na meza ya vyombo ilikuwa upande ule aliokaa yeye, nami sikutaka kupita mbele yake. Kwa hiyo nikakinywa na hicho pia, kikiwa kimeshapoa.